Waliounukuu Moshi wa Bibi Nkamba

Limi mwanangu,

Sasa hivi umefungua begi nililokufungia mchana, ukachomoa furushi la michembe, vile viazi vikavu vya kumpelekea Dakta Tabitha, ukaliweka juu ya kigoda kama mtu anayetua mzigo usio wake. Ukasema bila kuniangalia, "Mama, hii michembe mle na bibi. Mimi kwa Dakta Tabitha siendi." Kisha ukanisogezea simu. "Ona mwenyewe. Makala yake ile ya moshi, miaka yote hii, imenukuliwa mara nne. Nne tu, mama! Na mbili kajinukuu mwenyewe. Yule Profesa ananukuliwa dunia nzima. Nikianza na mtu asiye na jina, nitaishia bila jina." Ukacheka kidogo, wala siyo kwa ubaya, ukachukua ndoo ukaenda kuoga.

Mimi nimebaki na michembe.

Sikukujibu kwa sababu tukibishana kwa mdomo unanishinda. Wewe umemaliza kidato cha sita, mimi niliishia cha pili, wewe ukiwa tumboni. Lakini kuandika naweza. Nimekaa hapa mlangoni pa jiko, jua bado lipo lipo, bibi yako Kwandu anachambua mchicha na kujifanya haoni kwamba naandika. Habari za nauli, za sabuni, za kutompa mtu usiyemjua begi akushikie, sitaziandika. Umezisikia mpaka umezichoka. Nataka nikuandikie habari ya hiyo nne. Ukishasoma, mfuate unayemtaka. Dakta yupo chuo hicho hicho, Profesa naye yupo, na kila mmoja amekubali umsaidie kwenye maabara yake. Basi la kesho litakufikisha kwa yeyote. Ila usichague kabla hujaijua nne.

Bibi Nkamba, mzaa mama yangu, humkumbuki. Ndiye aliyenilea, na nilipobeba mimba yako na shule ikanishinda, ndiye aliyesema, "Mtoto siyo jipu, hafichwi," akanifungulia mlango. Alikuwa na macho mekundu. Yalianza kuwa mekundu kabla sijazaliwa. Unajua sisi huku kuni ni hadithi, tunapikia samadi kavu na miti ya pamba baada ya kuvuna. Yeye alikaa mbele ya moshi huo tangu alipoolewa. Huko uendako mtu mwenye macho mekundu anapewa dawa ya matone. Huku amehukumiwa tayari kuwa mchawi, inasubiriwa siku tu.

Dakta Tabitha alikuja kijijini wakati mimi nakubeba mgongoni. Naye alikuwa msichana bado, mwembamba, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa na pampu ndogo inayonguruma kama nyuki aliyefungiwa chupani, inavuta moshi na kuupitisha kwenye vichujio vyeupe. Alihitaji mtu wa kumwingiza majikoni na kumsemea Kisukuma. Nikawa mimi. Tulipofika kwa bibi na kuitundika ile pampu ukutani, bibi aliizunguka akaitazama, akaniuliza, "Huyu mtoto amesoma hadi huko juu ili aje achume moshi? Wenzake wanachuma pamba."

Nikamtafsiria Dakta. Akacheka mpaka akapaliwa na moshi wenyewe.

Jioni ile alimweleza bibi kwamba ndani ya moshi wa samadi kuna kitu hakionekani, kinauma jicho. Kikiuma leo, jicho linapona. Kikiuma kila siku, mwaka baada ya mwaka, jicho linachoka kupona. Bibi akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Kumbe," akasema. "Mimi nilidhani ni kwa ajili ya kulia."

Makala ilipotoka, Dakta aliirudisha mwenyewe mpaka kwetu, imechapwa, inang'aa. Bibi Nkamba yumo humo. Anaitwa Jiko la Tatu. Mwishoni kuna mstari wa kuwashukuru akina mama wa kijiji. Nilimwonyesha bibi, akaipapasa karatasi kama anayepima kitambaa dukani.

Sasa, kosa langu mimi ni hili. Nilidhani kitu kikishaandikwa kimekwisha. Nilidhani kwa kuwa wasomi wameshaijua sababu ya macho mekundu, basi imejulikana. Nikaifunga makala kwenye nailoni, nikaiweka kwenye sanduku la vitenge chini ya kitanda cha bibi, isipate mchwa. Nikajivuna. Sikumsomea mtu. Hata mpwa wa bibi, aliyekuwa akija kula kwetu karibu kila siku, sikumsomea.

Mpwa huyo akafiwa na mtoto kwa homa. Akaenda kwa mfumu, mpiga ramli, kuku akapasuliwa, mfumu akachungulia matumbo ya kuku akasema anamwona mwanamke wa ukoo, mzee, macho yake mekundu.

Walikuja wawili, saa ya kusonga ugali. Walimsalimia, Limi. Jirani alikuwa nyuma ya ua wa minyaa akasikia yote. "Mwadila, mayu." Naye bibi akaitikia, maana hakuwahi kuiacha salamu ya mtu ianguke chini. Akawauliza habari za nyumbani kwao. Akawauliza ng'ombe wamepata majani? Mmoja akajibu wamepata. Halafu jirani akasikia panga.

Nilimkuta mimi, nikitoka kisimani na wewe mgongoni. Alikuwa ameinua mikono, kwa hiyo panga lilianzia mikononi. Nilikiona kiganja kabla sijamwona yeye. Kichwa kilikuwa kimelalia mafiga, nywele za upande mmoja zinaungua, na harufu yake imechanganyika na harufu ya ugali ulioshika chini. Damu ilikuwa imeingia kwenye majivu ikawa uji mweusi. Na moshi haukujua kitu, uliendelea kutoka kama siku zote. Nilipiga magoti humo ndani nikakishika kichwa chake kisiendelee kuungua, wewe unalia mgongoni, macho yangu yakawasha mpaka nikawa sioni. Mtu wa kwanza kuingia akanimulika tochi usoni, akapiga kelele akakimbia. Alikimbia macho yangu.

Na makala ilikuwa pale pale, nyuma ya ukuta, ndani ya sanduku lake, safi, haijaliwa na mchwa.

Waliokamatwa waliachiwa, ushahidi haukutosha. Dakta alipopata habari aliliandikia lile jarida lililochapa makala, akaomba waongeze maneno machache tu, kwamba mwanamke wa Jiko la Tatu ameuawa kwa sababu ya macho yaliyopimwa humo. Wakamjibu kwa heshima kwamba wanasikitika, lakini hiyo siyo kemia.

Mimi sijui kemia inaishia wapi. Nilichojua ni kwamba sanduku silifungi tena. Nikaanza kuisoma ile makala. Kiingereza chake kilinipiga chenga, nilielewa neno hapa, neno pale, lakini ile sehemu wanayoeleza walivyofanya niliielewa, kwa sababu nilikuwepo. Jiko limefungwa, samadi kiasi hiki, watu wamekaa, macho yanaangaliwa kabla na baada. Niliisoma mpaka nikaijua kama sala.

Ukakua, tukahamia hapa kwa baba yako, ukaanza shule. Wiki moja ulikuwa Binza kwa shangazi yako, na baba yako alikuwa machimboni kama kawaida yake. Hapa nilibaki mimi na mama yake, bibi Kwandu. Mtoto wa dada yake Malongo, huyu jirani yetu, akafa ghafla. Kuku akapasuliwa tena. Safari hii kuku akamwona Kwandu.

Niliwaambia nyumbani kwamba nilikatwa na watu waliomjia bibi. Hilo unalijua. Sikuwahi kukueleza ilivyokuwa hasa, kwa sababu ulikuwa unavipenda hivi vidole vyangu viwili visivyokunjika. Ulikuwa unaviita maaskari, ati wamesimama wima hata mama akilala. Nikaona nikuachie maaskari wako.

Walikuja vijana kama kumi hivi, filimbi, fimbo, mapanga, Malongo mbele. Nilimsukumia bibi chini ya kitanda, nikaegemeza mlango kwa kinu, nikasimama nje na ile makala. Mkojo ulinitoka, nakuambia ukweli. Malongo akanimulika.

"We nusu shule, toka hapo."

"Sitoki. Bibi hajaroga mtu. Macho ni moshi. Imeandikwa hapa."

"Soma tusikie."

Nikasoma mstari wa Kiingereza. Wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Kizungu chenyewe kinanuka mavi ya ng'ombe!" Na ni kweli, ilikuwa inanuka, ilikaa jikoni siku nyingi. Malongo akanisogelea mpaka nikasikia pombe.

Hapo ndipo nilipoacha kusoma. Nikamwambia, "Basi ingieni jikoni mkae na moshi wa ajuza, kama ninyi wanaume. Mkitoka macho meupe, mchukueni. Mnaogopa? Bibi kizee anakaa humo kila siku, ninyi mna mapanga."

Wanawake walikuwa wameshatoka majumbani, wamesimama kwenye minyaa wanatazama. Mama yake Malongo akiwa miongoni mwao. Msukuma kuambiwa anaogopa moshi mbele ya mama yake, unadhani atafanyaje? Wakaingia. Nikatupia samadi, nikatupia miti ya pamba mibichi, nikafunga mlango wa jiko kwa mgongo wangu. Nikawasikia wanacheka. Kisha wanakohoa. Kisha wanapiga ukuta. Sikufungua mpaka mmoja akaita mayu, mayu, kama mtoto.

Walitoka wanapepesuka, makamasi mpaka kidevuni. Tochi zikawamulika. Macho yao, Limi! Mekundu kama nyanya zilizopasuka. Halafu mama yake Malongo akasema kwa sauti ya juu, "Heee! Malongo mwanangu, tangu lini umekuwa mchawi?"

Wanawake wakacheka. Walicheka vile vya kushika mbavu, na ile hasira iliyowaleta wale vijana ikaanza kumwagika chini, unaiona kabisa inamwagika. Mmoja akatupa fimbo. Lakini mwanaume aliyechekwa na mama yake ni hatari kuliko mlevi. Malongo aliinua panga akanilenga kichwa. Nililiona linakuja. Lilipita hewani, likashuka kwenye mkono niliokuwa nimeinua na makala. Alikuwa haoni sawasawa, macho yamemjaa moshi. Angeona vizuri, ungelelewa na shangazi yako. Wenzake wakamrukia, wakampiga, wakamkalia, na mimi nikaingia ndani, nikamvuta bibi Kwandu kutoka uvunguni, nikamlalia nikivuja damu juu yake, yeye ananiuliza wewe nani, wewe nani, maana hakunitambua.

Makala ililoa damu yote. Dakta aliponiletea nyingine nilimpigia hesabu ya yaliyotokea. Hapana, nianze na simu. Nilimpigia simu kutoka hospitali, nikamweleza. Kisha akaanza kuniuliza: waliingia wangapi, mlango ulifungwa muda gani, ulitumia samadi peke yake au na miti ya pamba, mibichi au mikavu? Nilichukia. Mimi nimeshonwa mkono mzima, mwenzangu anauliza samadi! Nilitaka kukata simu. Ndipo nikasikia kwamba huku anauliza analia, ananyamaza apenge kamasi, anauliza tena.

Huyo ndiye mtu unayesema hana jina.

Haya, nani kamnukuu? Wa kwanza kumnukuu ni mimi, kwa mlango wa jiko. Wa pili ni Malongo. Usishangae. Hakuwahi kuniomba radhi mpaka leo, ananisalimia tu, tena kwa kuinama sana. Lakini alikwenda mnadani Dutwa akaanza kusimulia kwamba yeye, Malongo, aligundua siri ya macho mekundu. "Mimi nilifanya utafiti," anasema, "niliingia mwenyewe kwenye moshi!" Nilipolisikia hilo nilitaka nimfuate huko huko mnadani nimwonyeshe maaskari wangu wawili mbele ya watu. Bibi Kwandu akanizuia. "Mwache aongope," akasema. "Anayekaa kumsikiliza hajaenda kuua."

Kisha mwanamke akaja kutoka Ngulyati, amepanda baiskeli ya kuazima, ananiuliza, "Ni wewe mwenye ule moshi? Mama mkwe wangu ameshatajwa." Nikamweleza jiko, samadi, mlango, na kwamba lazima mama zao wawepo watazame. Mama mkwe wake yu hai, anauza karanga. Wakaja wengine. Wengine hawakuja hata kwangu, walisikia wakaenda kufanya. Hakuna aliyesema jina la Tabitha, hakuna anayelijua. Simu yako inawahesabu wapi hao?

Lakini sikufichi, siyo kote moshi ulifaa. Kuna kijiji kimoja waliingia jikoni, wakatoka macho mekundu, wakatazamana, wakasema bibi kawaambukiza uchawi wake. Wakamchoma ndani ya jiko lile lile. Nilikwenda kwenye mazishi. Jeneza lilikuwa jepesi, wabebaji waliona aibu kwa wepesi wake. Nikarudi nimeapa sitamfundisha mtu tena. Dakta akanisikiliza, akasema, "Hilo ndilo la kuandika kabla ya yote. Palipokufa mtu ndipo tunapotakiwa kujua kwa nini." Aliomba chuo kimpe nafasi arudi, apite kijiji kwa kijiji, ajue wapi moshi unaokoa na wapi unaua, na atafute jiko lisilouma macho. Wakamwambia kazi yake ya kwanza haina athari, haijanukuliwa. Ndiyo hiyo nne yako, mwanangu. Wanamfungia mlango kwa hiyo nne.

Sisemi Profesa ni mtu mbaya. Labda anaponya watu wengi kuliko tunavyojua, na mimi sina haki ya kumcheka mtu kwa sababu ananukuliwa. Ila fikiria: huyo ana watu dunia nzima. Dakta anatafuta mtu mmoja anayejua kemia na anayejua kuitikia mwadila. Mimi nimetazama huku na huku, simwoni mwingine.

Na kuna jambo nataka nikuambie kabla hujatoka bafuni. Asubuhi uliponisuka nywele ulinishika kidevu, ukanigeuzia kwenye mwanga, ukaacha kusuka. Nilijua umeona. Yameanza pembeni, upande wa pua. Nikinawa yanatulia, jioni yanarudi. Mimi bado kijana, watu hawajayatazama, nina muda. Siogopi kama unavyofikiri. Naamini kabisa kuna siku mwanamke wa huku atazeeka na macho yake, afe kwa uzee wake, kitandani, wajukuu wakimgombania blanketi. Naamini kwa sababu nimeshamwona bibi Kwandu anachambua mchicha jioni hii, na kwa hesabu ya kuku alitakiwa awe amekufa zamani.

Unajua pale kwa Sita walizika mtoto juzi. Jana baba yake alionekana anapita na kuku chini ya kwapa. Leo mchana kutwa tunasubiri kusikia kuku kasema nani, ndiyo maana umeniona naangalia njia. Sikutaka uondoke na

Limi, Malongo anapiga yowe la mwano huko njiani, analiita jina langu. "Mama Limi! Mama Limi! Leta samadi, wameingia kwa Mayu Holo!" Macho ya bibi huyo unayajua. Anakimbia, ana jembe tu mkononi. Mama yake yupo nyuma yake, na wanawake wa upande wa kisimani. Nakwenda. Ukitoka bafuni ingia ndani na bibi, weka kinu mlangoni, usimfungulie mtu anayesalimia vizuri.

Michembe nimeirudisha kwenye begi, chini ya sweta. Ukiitoa tena sitakuuliza. Ila kama utaiacha humo, ukifika kwa Dakta mwambie na hili la leo aliandike, liwe zuri liwe baya, mwambie waliingia saa ya kusonga ugali, na kwamba samadi ilikuwa kavu, na kwamba aliyekuja kuniita ni